Altimeti bila refa: kugusana, faulo na namna ya kuzimaliza uwanjani

Mchezaji anayetoka kwenye soka akaja kucheza altimeti, mchezo wa timu mbili zinazorushiana kisahani (frisbee), huja na mazoea mawili yanayomponza. La kwanza, anangoja filimbi. La pili, anaamini kwamba akikigusa kisahani kwanza, chochote kitakachofuata ni halali, kama beki anayeteleza akaupata mpira kabla ya mguu wa mshambuliaji. Filimbi haipo. Na hilo la pili limekataliwa waziwazi katika kanuni za WFDF, shirikisho la dunia la michezo ya kisahani: kuwania kisahani si kisingizio cha kumgonga mwenzako.

Hapa tunafuata kanuni hizo za WFDF, maana ndizo zinazotumika katika mashindano ya kimataifa. Marekani wana kitabu chao chenye tofauti ndogondogo, na ligi ya kulipwa ya huko ina marefa kabisa. Kwa hiyo ukijifunza kukaba kwa kutazama video za ligi ile, utakuja kuzozana na watu Jumamosi.

Kwa aliye mgeni: timu ni saba kwa saba, kiwanja ni mita 100 kwa 37, na maeneo ya goli ni mita 18 kila upande. Kisahani kina gramu 175. Aliyekishika hakimbii nacho. Husimamisha mguu mmoja kama mhimili, na anayemkaba humhesabia hadi 10. Kikianguka, kikipanguliwa au hesabu ikitimia, kinakuwa cha upande wa pili. Mchezo ulizaliwa Maplewood, New Jersey, mwaka 1968, na hadi leo hata kwenye ubingwa wa dunia wachezaji wenyewe ndio waamuzi. Wakiwepo washauri wa mchezo kando ya uwanja, kazi yao ni kushauri. Uamuzi unabaki kwa wachezaji.

Nafasi ilikuwa ya nani?

Karibu kila mabishano ya kugusana huisha mkijibu maswali mawili: nani alikuwa na haki ya nafasi ile, na nani alianzisha kugusana. Nani alikigusa kisahani kwanza ni swali la baadaye, na mara nyingi halihitajiki.

Kila mchezaji ana haki ya kusimama au kupita popote pasipo na mpinzani, mradi asimgonge mtu katika kupachukua. Kwa aliyesimama jambo ni jepesi: alipo ni pake. Kwa anayekimbia, kanuni inaangalia anakotarajiwa kufika kwa kasi na mwelekeo aliokuwa nao. Ukijitupa mbele ya mtu anayekuja mbio kiasi kwamba hawezi kukukwepa, akakuvaa, faulo ni yako, hata kama wewe ndiye uliyelala chini ukishika mbavu. Hiyo ni faulo ya kuziba njia, na wachezaji wapya huiita kinyume karibu kila mara kwa sababu wanamhurumia aliyeanguka.

Kugusana kote si faulo. Kanuni inatambua mguso mdogo: usio na nguvu, usiobadilisha mwendo wala mkao wa mwenzako. Mabega mawili yakikwaruzana wakati wote wawili mnakimbilia kisahani kimoja, endeleeni. Lakini kuna mguso ambao hauhesabiwi kuwa mdogo hata ukiwa mwepesi kama unyoya: kuugusa mkono ulionyooshwa ambao uko karibu kukidaka kisahani, na kukigusa kisahani au mkono wa mrushaji akiwa katikati ya kurusha. Sababu haihitaji mwalimu. Kidole kimoja kwenye kifundo cha mkono kinatosha kukipeleka kisahani mita kumi pembeni.

Tazama tukio hili, maana hutokea katika kila mechi. Kisahani kimerushwa juu, kimepoteza kasi na kinaelea kwenye eneo la goli. Mpokeaji amefika mapema, amesimama chini yake, anasubiri. Mkabaji anatoka nyuma mita nne, anaruka kwa mbio, anakipangua kwa ncha za vidole, safi kabisa, kisha kifua chake kinatua mgongoni mwa mpokeaji. Nje wanashangilia upanguaji. Hiyo ni faulo. Mkabaji hakuwa na njia ya kukifikia kisahani kutoka pale bila kumpitia aliyesimama, na hilo alilijua tangu mguu wake wa mwisho ulipoacha ardhi. Angezunguka pembeni, au angesimama na kuruka wima akiwa ubavuni, mguso ungekuwa wa mabega tu na kisahani kingekuwa halali yake.

Hewani

Kabla ya kuruka, jiulize utatua wapi. Mkabaji mzuri huchukua hatua mbili fupi za mwisho ili kuibadilisha mbio iwe mruko wa kwenda juu badala ya kwenda mbele. Anayeruka akiwa bado na kasi yote hana breki; akikosea kipimo, anamgonga mtu aliye hewani, asiyeweza kujikinga. Magoti, vifundo na shingo huumia hapo.

Macho yote yakiwa juu, hakuna anayewaona wengine. Walio kando ya uwanja hawana ruhusa ya kuamua faulo, ila sauti zao zinafaa: mwiteni mwenzenu kwa jina na kumwambia "mtu!" au "nyuma!" Na wewe unayekimbia, tupa jicho pembeni mara moja kisahani kikiwa bado mbali. Kisahani kinaelea muda mrefu kuliko mpira. Nusu sekunde ya kuangalia haikukoseshi.

Kujiweka kati ya mpinzani na kisahani ni halali ukiwa wewe mwenyewe unakiendea. Kisichoruhusiwa, kisahani kikiwa hewani, ni kusogea kwa lengo moja tu la kumzuia mwenzako asipite njia iliyo wazi. Kiwiko kikitoka, au mkono ukinyooshwa nyuma kumpapasa mpinzani ujue alipo, tayari unatumia viungo kuzuia mwendo wake, na hilo ni kosa popote uwanjani. Wachezaji wa kikapu wana tabu nalo sana.

Kumkaba mrushaji

Hapa ndipo faulo nyingi ndogondogo zinapotokea, na ndipo mechi huharibika taratibu bila mtu kujua ilianzia wapi. Vipimo vyake ni vya kisahani chenyewe, ambacho upana wake ni takriban sentimita 27.

Kati ya mwili wako na kiwiliwili cha mrushaji lazima kitoshee kisahani kimoja. Ukinyoosha mikono yote miwili kumzingira, mstari unaounganisha mikono hiyo nao usikaribie kiwiliwili chake zaidi ya hapo. Mstari wa kati ya miguu yako pia usiukaribie mguu wake wa mhimili kwa chini ya upana huo, yaani usimtie katikati ya miguu yako. Mkono usoni ili asione ni kosa. Hesabu ya haraka ni kosa: kati ya namba na namba ipite angalau sekunde moja kamili. Na mkabaji wa pili haruhusiwi kuwa ndani ya mita 3 za mrushaji ikiwa hana mtu wake mwingine anayemlinda hapo.

Kwa makosa haya mchezo hausimami. Mrushaji hulitaja kosa, mkabaji hurudi mahali pake, na hesabu inaendelea kwa kupunguza moja kutoka namba ya mwisho iliyotamkwa yote. Ulikuwa umesema "sita", unaendelea na "tano". Kinachowaponza wengi ni kuanza kuhesabu kabla ya kurudi nyuma. Hapo bado unatenda kosa lilelile, na mrushaji ana haki ya kulitaja tena.

Mkabaji akimgusa mrushaji kwa mguso usio mdogo kabla hajaanza kurusha, mrushaji ana hiari. Anaweza kuita faulo na kuusimamisha mchezo, au akasema "kontakti": mchezo unaendelea, na mkabaji asipopinga huanza hesabu upya kutoka moja. Kwa maoni yetu ya pili ni bora karibu kila mara. Haivunji mwendo wa timu yako, na mkabaji anayeambiwa "kontakti" mara mbili katika dakika moja huchukua hatua nyuma bila hotuba.

Mguso ukitokea wakati wa kurusha, swali ni lilelile: nani aliingia nafasi ya nani? Mkabaji aliyeusukuma mkono wake mbele ukakutana na mkono wa mrushaji amecheza faulo. Mkabaji aliyesimama kihalali, mikono imetulia, kisha mrushaji akapiga hatua na kumvaa, hana kosa. Faulo ni ya mrushaji. Wapo warushaji wanaoutafuta mguso huo makusudi hesabu ikifika nane ili waitiwe mwanzo. Huo ni udanganyifu, na timu yako mwenyewe ndiyo inayopaswa kukuambia.

Piki kwa ufupi: unamkaba mtu ukiwa ndani ya mita 3, mchezaji mwingine anakuzibia njia, mtu wako anakimbia. Ita "piki" ndani ya sekunde mbili. Mchezo ukisimama, unarudi pale ambapo ungekuwa usingezuiwa. Washambuliaji, msikimbie kwa kupishana bega kwa bega kama treni mbili. Hata bila kukusudia mnawagonganisha wakabaji wenu.

Jinsi ya kuita faulo

Anayeita ni aliyechezewa. Si nahodha, si kocha, si shangazi aliye kwenye mkeka kando ya uwanja.

Paza sauti mara moja, "faulo!", na uioneshe kwa mikono: mkono mmoja umenyooshwa mbele, mwingine unaugonga. Ukingoja kuona kama kisahani kitadakwa ndipo useme, kila mtu atajua unacheza kamari. Kabla hujaita jiulize kama kosa lilibadilisha matokeo ya kitendo au lilihatarisha usalama. Kama halikufanya lolote kati ya hayo, nyamaza na ukimbie.

Kisahani kikiwa mkononi mwa mrushaji, mchezo unasimama papo hapo. Kikiwa hewani, au mrushaji yuko katikati ya kurusha, mchezo unaendelea hadi ijulikane nani amekipata. Timu iliyoita ikiishia nacho, hakuna cha kujadili, endeleeni kucheza. Wachezaji wengi hulisahau hili na kusimama wakiwa wamefaidika, wakajinyima shambulio zuri wenyewe.

Mchezo ukisimama, wote simameni mlipo. Kisha mazungumzo ni ya wawili waliohusika. Aliyeita anasema alichokiona kwa sentensi moja yenye kitendo na sehemu ya mwili: "Mkono wako ulinigusa kifundo kabla sijadaka." Asiseme "unacheza rafu" wala "siku zote mnafanya hivi". Mwenzake ana majibu matatu tu. "Nakubali." "Napinga", na sababu kwa sentensi moja, ishara yake ni ngumi mbili zinazogongana mbele ya kifua. Au "Sikuona, ngoja tuulize", na hapo mnaweza kumwuliza yeyote aliyekuwa na pembe nzuri, hata wa kando ya uwanja. Mwenzako wa timu akisema "hapana, ulimgusa", mshukuru na ukubali. Na wewe uliyeita, ukigundua umekosea, sema "nafuta". Hakuna anayekucheka.

Msipokubaliana, mmemaliza. Kisahani kinarudi kwa mrushaji wa mwisho asiye na mgogoro, na kila mtu anarudi alikokuwa kisahani kilipoachiwa. Hili linafaa kueleweka vizuri: kupinga si tusi. Kanuni zinachukulia kwamba hakuna aliyekusudia kuvunja sheria, kwa hiyo hakuna adhabu kali. Kuna njia tu ya kurudisha mchezo pale ambapo pengine ungekuwa. Watu wawili waaminifu wanaweza kuona vitu viwili tofauti kutoka pande mbili za mkono mmoja. Mabishano ya dakika tatu hayabadilishi kinachofuata.

Mpokeaji aliyechezewa faulo, ikikubaliwa, anapewa kisahani pale ilipotokea. Mshambuliaji aliyemsukuma mkabaji ili adake, akikubali, timu yake inapoteza kisahani.

Hesabu ya kuanzia huwachanganya watu, basi ishikeni kichwani. Walinzi wakikubali kosa lao: moja. Washambuliaji wakikubali kosa lao: isizidi tisa. Hesabu ya kumi iliyopingwa: isizidi nane. Mengine yote, pamoja na piki na faulo iliyopingwa: isizidi sita. "Isizidi" maana yake mnachukua namba ya mwisho mliyokubaliana na kuongeza moja. Ikivuka kikomo, mnaanza na kikomo. Piki ikiitwa kwenye tatu, mnaanza na nne. Ikiitwa kwenye nane, mnaanza na sita.

Mkishakubaliana hesabu, mkabaji aliye karibu anakigusa kisahani, na mchezo uliosimama unaendelea.

Mchezo wa hatari

Kuna kosa lisilongoja mguso. Mtu akijirusha miguuni mwa watu bila kuangalia, akiruka kwa kasi katikati ya kundi, au akimgeuzia mpinzani goti hewani, hiyo ni faulo hata kama mwenzake aliwahi kukwepa na hakuna aliyeumia. Iteni. Waliokwepa hudhani hawana haki ya kuita kwa kuwa hawakuguswa, na kimya chao ndicho kinachomfundisha yule mtu kurudia.

Mtu akiumia, simamisheni mchezo kwa niaba yake, asilazimike kuomba. Aliyeumia hutoka na kubadilishwa. Anaweza kubaki iwapo aliyemuumiza ni mpinzani.

Yafanyeni mazoezini

Timu nyingi hufanya mazoezi ya kurusha saa nzima na kuziacha kanuni zijifunze zenyewe kwenye mechi ya fainali. Dakika kumi na tano kwa wiki zinatosha.

Anzeni na kipimo cha kisahani. Watu watatu: mrushaji, mkabaji, na wa tatu mwenye kisahani cha pili mkononi. Kila mrushaji anapopiga hatua, wa tatu anakipachika kisahani kati ya viwiliwili viwili. Kisipotoshea, anasema. Mirusho 15, kisha mnazunguka. Mtashangaa, karibu kila mkabaji huegemea mbele bila kujua, hasa hesabu ikipita saba.

Halafu mruko. Koni moja, mrushaji akiwa mita 20, anaelekeza kisahani kinachoelea juu ya koni. Mchezaji mmoja yuko tayari kwenye koni, mwingine anatoka mita 5 nyuma au pembeni. Sharti la anayekuja ni kuvunja kasi kwa hatua mbili kabla ya kuruka. Fanyeni kwa nusu kasi mara kumi za kwanza. Kwenye mchanga wa pwani zoezi hili ni zuri zaidi kwa kuwa kuanguka hakuumizi sana, ingawa mchanga laini huinyima miguu breki. Huko ongezeni mita moja kwenye zile 5 za anayekuja.

La tatu huwachekesha watu na linasaidia kuliko yote. Katikati ya mchezo wa mazoezi, kocha anaita namba ya jezi, na mwenye jezi hiyo lazima aite faulo ya kubuni kwa aliye karibu naye. Wawili wana sentensi moja kila mmoja, kisha uamuzi, kisha hesabu sahihi itamkwe kwa sauti na wote. Wakikosea hesabu, timu nzima inarudia.

Mambo yakichemka

Kila timu huwa na nahodha wa roho ya mchezo, yaani wa uungwana unaowezesha kucheza bila refa, na kazi yake si ya mapambo. Akiona faulo zimekuwa nyingi au sauti zimepanda, amwendee mwenzake wa upande wa pili kati ya pointi mbili na kusema jambo mahususi: "Namba 9 wenu na 14 wetu wanagombana kwenye kukaba, tuzungumze nao." Isiposaidia, anaweza kuita mapumziko ya roho. Timu zote mbili zinaunda duara moja, hakuna mbinu zinazojadiliwa, na hayahesabiwi katika mapumziko ya timu. Mchezaji aliyepandwa na hasira mtoeni pointi moja anywe maji. Ni bora kuliko kumwambia "tulia", neno ambalo halijawahi kumtuliza mtu.

Baada ya mechi mnajaza fomu ya roho kwa ajili ya wapinzani. Vipengele ni vitano: kuzijua na kuzitumia kanuni, faulo na kugusana, kutokupendelea, mtazamo na kujizuia, na mawasiliano. Kila kimoja kina alama 0 hadi 4, na 2 ndiyo "vizuri", yaani hali ya kawaida. Timu nyingi changa huandika 4 kote baada ya kushinda na 1 kote baada ya kufungwa, na fomu inakuwa haina maana. Ijazeni pamoja, kipengele kwa kipengele, kuanzia kwenye 2, na mpande au mshuke pale tu mtu anapoweza kutaja tukio. Mkishuka hadi 1 kwenye kugusana, andikeni pembeni kilichotokea, kama "walituruka mgongoni mara tatu kwenye eneo la goli", ili nahodha wao ajue Jumanne afundishe nini.